Chachu, Nguruwe na Gogo la Viti Vitatu

Ngano hodi!
— Karibu, ngano!
Ngano imekuja na nini?
— Imekuja na utamu!
Na chumvi je?
— Chumvi ibaki nje!

Basi sogeeni. Na wewe uliyekaa karibu na bakuli la unga, usilifunue. Sababu utaisikia, usiwe na haraka.

Hapo zamani Chachu alikuwa mnyama. Msicheke, nasema alikuwa mnyama. Alikuwa na miguu minne, masikio mawili na mkia mfupi usio na kazi, na ukubwa wake ulikuwa wa paka aliyeshiba. Alikaa kwenye shamba la migomba, kando ya mto ambao maji ya bahari huupanda na kuutia chumvi. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, kuta nene, mlango mmoja, dirisha moja.

Chachu alikula ndizi zilizoiva, akapumua. Fuu! Akala, akapumua. Fuu! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa uangalifu, maana Chachu alikuwa mtu wa uangalifu. Alikuwa mtu wa kulipanga jambo kabla halijaja, na kulionea aibu kabla halijaja.

Kuta zake zilikuwa nene mno, hata aliye ndani hakusikia la nje. Kwa hiyo aliweka wajumbe watatu. Wa kwanza alikuwa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Kazi yake kunusa. Kn, kn! Lakini Sange hana sauti ya kufika mbali, kwa hiyo akinusa jambo humwambia Chura. Chura ana sauti, lakini ni nzito, haipenyi ukuta. Kro! Kwa hiyo Chura humwambia Nyenje. Na Nyenje, mnamjua Nyenje, akilia hata kuta husikia. Nyiiii!

Sange kwa Chura: kn, kn! Chura kwa Nyenje: kro! Nyenje kwa Chachu: nyiiii! Ndivyo habari zilivyoingia nyumbani.

Sasa, Chura alikuwa na kazi ya pili. Ngozi ya Chura haipatani na chumvi. Maji ya bahari yakianza kupanda mto, yeye ndiye anayewashwa wa kwanza. Hapo haendi kwa Nyenje. Humwendea Kobe, fundi wa udongo, humwambia "Amekuja!", maana kwao chumvi ni kama mgeni mwovu, naye Kobe huuziba mlango wa Chachu. Ba! Ba! Ba! Chachu akisikia ba, ba, ba, anajua chumvi imekuja. Anajikunja, hanywi, na anamwaga majivu dirishani ili yanyonye maji yale.

Mpaka hapo mambo yote yalikwenda sawa.

Ng'ambo ya mto alikaa kijana mmoja wa ukoo kama wake, jina lake Hamira. Siku moja upepo ulivuka na harufu ya Hamira, Chachu akainusa, akasahau kupumua. Ng'ambo nako upepo ulirudi na harufu ya Chachu, na Hamira naye akasahau. Wazee wakakubaliana, posa ikapokelewa.

Lakini kwao, siku ya harusi haitangazwi. Bwana harusi huja siku aipendayo, akasimama uani, akatoa harufu yake, akangoja. Bibi harusi akiisikia, hufungua. Akifungua, wameoana. Asipofungua hata mara ya pili, amekataa. Hakuna maneno mengine.

Siku ikafika. Wajumbe walikuwa uani, kila mmoja na mambo yake. Sange kanusa: kn, kn, kn! Ni Hamira! Akakimbia kumtafuta Chura. Chura alikuwa wapi? Alikuwa amekaa na Kobe, wanapiga soga, Kobe anakanda udongo wake.

"Amekuja!" akasema Sange, pumzi juu juu.

"Kro! Amekuja!" akasema Chura, akimgeukia aliye karibu. Na aliye karibu alikuwa Kobe.

Kobe hakuuliza nani. Tangu lini Chura akasema amekuja, Kobe akauliza nani? Ba! Ba! Ba!

Ndani, Chachu alikuwa amejifukiza udi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu posa, maana huwezi kujua. Akasikia ba, ba, ba. Chumvi! Akajikunja. Akalivuta pakacha la majivu.

"Hodi!" ikaita sauti karibu kabisa na dirisha. Ilikuwa sauti ya shangazi yake Hamira, mwanamke wa heshima, amevaa kanga mpya.

"Toka!" akapiga kelele Chachu.

"Hodi, mwanangu! Ni sisi wageni!"

"Nakujua wewe! Kila ukija unajifanya mgeni! Toka, chumvi mharibifu, hapa huingii!"

Na majivu yakaruka dirishani. Fwaa!

Halafu Chachu akasikia kitu ambacho chumvi haijawahi kufanya. Chumvi ilipiga chafya.

Akachungulia. Shangazi alikuwa mweupe kuanzia ushungi mpaka vidoleni. Nyuma yake Hamira alisimama na majivu puani. Aliinamisha macho tu, taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Lau angemtukana, ingekuwa afadhali.

"Mimi," akasema shangazi, akitema majivu, "mimi na kanga yangu ya leo, naitwa chumvi?"

"Shangazi, sikujua, nilidhani..."

"Usinidhanie! Kwetu mlango hubishwa mara mbili. Ndizi za uani kwako zikiiva tena tutakuja. Ukifungwa tena, bibi, harufu ya mtoto wetu utaisikia ikipita kwenda kwa jirani."

Wakaondoka. Na juu ya migomba, Kima ambaye aliona yote alikuwa ameshika tumbo.

"Bibi Chumviii!" akaita Kima. "Hujambo, Bibi Chumvi? Leo utamwaga nini? Pilipili?"

Aibu ya watu wengine hupanda usoni. Aibu ya Chachu ilishuka mwilini. Shwii! Akapungua. Aliyekuwa paka akawa paka mchanga, na chochote alichokishika kikapungua naye: pakacha la majivu mkononi, hata ukuta aliouegemea, na nyumba nzima kwa kuwa ukuta ni wa nyumba.

Akawaita wajumbe.

"Nani kasema chumvi?"

"Si mimi," akasema Sange. "Mimi nilisema amekuja. Alikuwa hajaja?"

"Nami nikasema amekuja," akasema Chura. "Neno lilelile. Sikuongeza, sikupunguza."

"Mimi sikuambiwa kitu," akasema Nyenje. "Nilikuwa dirishani na mdomo wangu."

"Mimi harusi siijui," akasema Kobe. "Mimi najua udongo. Chura akisema, naziba. Kama kuna mtu hataki kuzibiwa, asimwache Chura akae nami."

Chachu akakaa chini akawaza. Aliwaza kama alivyokula, polepole na mpaka mwisho. Sange alisema kweli. Chura alisema kweli. Kobe alifanya kazi yake. Hakuna mwongo hapa, hakuna mvivu. Basi kosa liko wapi? Akaitazama ile sehemu aliyokaa Chura, akaitazama sehemu aliyokaa Kobe, akaona. Kosa lilikuwa nani amekaa karibu na nani.

Akatafuta gogo. Dogo tu, la mgunga uliokauka. Akachonga humo viti vitatu. Alimpima Sange kiuno, akachonga kiti kinachomwenea Sange peke yake. Alimpima Chura makalio, akachonga. Alimpima Nyenje, akachonga ufa mwembamba wa Nyenje. Akarudi akapima tena. Pua ya Sange ikawa kwenye sikio la Chura. Mdomo wa Chura ukawa kwenye sikio la Nyenje. Mgongo wa Chura ukawa upande wa Kobe.

Kisha akaona tatizo jingine. Nyenje ana papara. Ua likichanua mtaa wa pili, yeye nyiii! Kwa hiyo Chachu akamwekea jani mdomoni.

"Hili litoke lini, bibie?" akauliza Nyenje, kwa tabu.

"Litatoka lenyewe. Sange akinusa kidogo, atamgusa Chura kidogo, na Chura atakugusa kidogo. Kaa na jani lako. Lakini harufu ikiwa kubwa, ya kweli, Sange atamkumba Chura, Chura atakukumba wewe, na jani litaruka. Hapo lia kwa nguvu zako zote. Nusu kilio sikitaki. Kimya, au nyiiii."

Wakakaa. Bega kwa bega. Mchana mkungu mmoja wa ndizi sukari ukapasuka kwa kuiva ukaanguka nyuma ya shamba. Kn, kn! Kro! Nyiiii! Chachu alikuwa nje na ndizi mdomoni kabla mgomba haujaacha kutikisika. Akatabasamu mara ya kwanza tangu siku ile. Hamira akija tena, mlango utafunguka.

Lakini yule aliyeufuata mkungu ule kwa miguu yake alichelewa, naye hakutabasamu. Alikuwa Nguruwe mwitu, kifua kama pipa, meno kama mundu, na tumbo ambalo halijawahi kusema basi.

"Hngo! Nani kakwambia ndizi imeanguka?"

Chachu hakujua kusema uongo kwa haraka. Macho yake yakaenda kwenye gogo. Nguruwe akayafuata macho.

"Aaa. Kumbe. Vitu vitatu juu ya kijiti, na wewe unakula kabla yangu." Akalinyanyua gogo kwa meno yake, na wajumbe wote watatu juu yake. "Kuanzia leo, ndizi ikianguka, nasikia mimi. Ikipita harufu, naambiwa mimi. Chura, Kobe usimjue tena, chumvi ikija tutaonana nayo."

"Bwana Nguruwe, nakusihi. Nina harusi. Bila wao sitajua bwana harusi amefika."

"Si umwage majivu? Hngo, hngo, hngo!"

Kila mtu alikuwa ameisikia habari ile. Shwii! Chachu akapungua. Aliyekuwa paka mchanga akawa panya.

Siku zikapita. Migomba ya uani ikatoa maua, maua yakawa vidole, vidole vikaanza kunenepa. Chachu akivitazama anaona kama vinamnyooshea yeye. Akitoka nje, Kima: "Bibi Chumviii!" Akirudi ndani, picha ya Hamira na macho yake chini. Mwisho akasema: kama nitakufa kwa aibu, nife nikiwa njiani. Akaenda kwa Nguruwe.

Nguruwe alikuwa amelala kwenye tope lake, gogo mbele yake, maganda ya ndizi kila upande. Kn, kn! Kro! Nyiiii! Akainuka, akala, akarudi.

Chachu akasimama mbali, kichwa chini. Hakuwa akijifanya. Masikio yalimwaka, na kule kuja kudanganya kulimzidishia moto. Nguruwe alipomwona vile akadhani: huyu kashindwa. Hivyo aibu ya kweli ikawa pazia la uongo.

"Bwana Nguruwe, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi? Makosa yako ni mengi, taja."

"Gogo nililokuachia. Ni moja tu. Naona haya mtu kama wewe kuonekana na gogo moja."

Nguruwe akalitazama gogo. Kabla ya hapo hakuliona dogo.

"Gogo moja," akasema polepole, "linaniletea tumbo moja la ndizi."

"Ndiyo, bwana."

"Magogo mengi, basi..."

"Mimi sijasema kitu."

"...yataniletea matumbo mengi ya ndizi! Hngo! Figa moja haliinjiki chungu!"

"Umesema wewe, bwana."

Nguruwe alikuwa na nguvu, hilo hatumnyimi. Akaingia porini akarudi na gogo la mwembe-ngongo, nene kuliko yeye. Dum! Chachu akachonga viti vitatu. Nguruwe akarudi na jingine, la mkwaju. Dum! Chachu akachonga viti vitatu. Alichonga kwa uangalifu uleule, maana hata uongo wake hakuweza kuufanya ovyo.

Nguruwe akatazama. Magogo matatu, lakini wajumbe wote wamekaa kwenye lile dogo la zamani, bega kwa bega.

"Mbona haya mawili yako matupu? Gogo tupu ni dharau kwa mwenye gogo! Wewe Chura, nenda kwenye mwembe-ngongo. Wewe Nyenje, kwenye mkwaju. Kila gogo na mtu wake!"

Wakahama. Mkungu ukaanguka. Sange akanusa, kn, kn! Akakikumba kiti cha jirani. Kiti kikanyamaza, kwa kuwa ni kiti. Chura alikaa akatazama mbele, hakuguswa na mtu. Nyenje alikaa na jani lake mdomoni. Na ndizi zikaliwa na Kima.

"Mbona kimya?" akauliza Nguruwe.

Chachu akainamisha kichwa. "Naona haya kusema, bwana."

"Magogo hayatoshi!"

"Umesema wewe, bwana."

Dum! Dum! Magogo yakaongezeka. Sange akawa na viti vitupu kulia na viti vitupu kushoto. Kn, kn! Kimya. Chura akawa mbali zaidi, Nyenje akawa mbali kuliko mbali. Mikungu ikaanguka, ikaoza, ikaliwa na ndege.

"Mbona sasa kimya kabisa?"

"Naona haya kusema, bwana."

"Hayatoshi! Haba na haba hujaza kibaba!"

"Umesema wewe, bwana."

Dum! Dum! Dum! Nguruwe akakonda. Hakuwa na nafasi ya kutafuta ndizi kwa miguu yake, maana alikuwa akitafuta magogo ya kumtafutia ndizi. Akayapanga kuzunguka tope lake, moja juu ya jingine, yakawa boma. Mwenyewe yuko katikati, pua tu inaonekana.

Hapo Chachu akaligusa lile gogo dogo la mgunga kwa kidole.

"Bwana, hili la zamani linaaibisha uwanja wako. Limechakaa. Nilichukue nikapikie?"

"Chukua uchafu wako!"

Sange akashuka, Chachu akalivuta pembeni. Hakuinua macho. Akangoja. Aliujua moyo wa Nguruwe kama alivyokijua kiti cha Nyenje.

Nguruwe akanung'unika, njaa inamuuma. Akayatazama magogo yake: mapya, manene, ya miti ya heshima. Kosa haliwezi kuwa la magogo. Akawatazama wale watatu, wadogo, kimya.

"Ninyi!" akafoka. "Ninyi ndio mnaoniharibia magogo! Wakati wa kijiti kibovu mlikuwa mkisema, leo nimewapa viti vya kifalme mmenuna! Ondokeni! Magogo yangu yatasema yenyewe!"

Wakaondoka mbio.

Chachu akalifunga gogo mgongoni, wajumbe watatu wakadandia, akashika njia ya nyumbani. Angeweza kufurahi. Alikuwa amemshinda mnyama mwenye meno kama mundu. Lakini Chachu akishinda huanza kujiuliza amemdanganya mtu mara ngapi, na kama mizimu ya kwao imeona. Na juu, nani tena?

"Bibi Chumviii! Leo umekuwa mchukuzi wa kuni! Kuni za harusi au za matanga?"

Shwii! Aliyekuwa panya akawa sisimizi, na alichokibeba kikapungua naye: gogo, Sange, Chura, Nyenje na jani lake. Akaikumbatia nyumba yake, maana sasa ilikuwa kubwa mno kwake. Shwii! Nyumba ikawa punje. Akaliingiza gogo ndani, si uani tena, ndani kabisa, ambako Nguruwe hana pua ya kufika na Kobe hawezi tena kukaa jirani na Chura. Akaikunja miguu yake chini ya tumbo, asiitazame dunia. Akakumbuka ile sauti ya chafya. Shwii! Mpaka hapo hata Kima hakumwona tena, akaanza kuutukana mgomba.

Ndizi za uani zikaiva.

Shangazi akaja, amevaa kanga ileile, imefuliwa na kupigwa pasi. Kichwani amebeba bakuli la unga uliolowekwa kwa maji ya sukari, limefunikwa kitambaa. Ndiyo zawadi ya harusi.

"Hodi!" akaita. Akatafuta nyumba. Nyumba hakuna! Akageuka. "Hamira? Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa, shangazi," ikasema sauti ndogo kutoka kwenye unga.

Maana, jamani, aibu haikumpata mmoja. Ng'ambo nako walimwita Hamira Bwana Majivu. Walimwita sokoni, wakamwita mtoni, naye akapungua, akapungua, yeye na nyumba yake, mpaka akajificha nayo kwenye zawadi yake mwenyewe, chini ya kitambaa.

"Toka humo, mwanangu. Usinitie aibu."

"Siwezi, shangazi. Nina haya."

"Na bibi harusi hana hata nyumba! Basi!" Akaliweka bakuli chini kwa hasira, akafunua pembe ya kitambaa amtazame mtoto wake, akakung'uta kanga yake, pu, pu, kama mtu anayekung'uta majivu ambayo hayapo. Upepo wa kanga ukapeperusha vumbi la uani. Katika vumbi lile palikuwa na punje moja ya mviringo, kuta nene, mlango mmoja. Ikaruka, ikatua kwenye unga. Shangazi akafunika. "Nitapumzika kidogo, kisha tunakwenda kwa jirani."

Ndani ya unga ni giza na joto. Sange akainua pua. Kn. Akamgusa Chura kidogo. Chura akamgusa Nyenje kidogo. Jani likabaki. Sange akanusa tena. Kn, kn, kn! Akamkumba Chura kwa bega lote. Kro! Chura akamkumba Nyenje. Jani likaruka.

Nyiiii!

Chachu akashtuka. Ni yeye! Hakuna ba, ba, ba. Hakuna kosa. Gogo limefanya kazi yake yote. Limebaki jambo moja tu: kufungua.

Na hakuweza.

Miguu aliyoikunja kwa aibu ilikuwa imegandana na tumbo. Lakini hata kama angekuwa nayo, angeutazamaje ule uso? Angesema nini? Samahani nilikuita chumvi? Alisimama, au tuseme alikaa, nyuma ya mlango wake, na nje harufu ya Hamira ilikuwa imesimama ikimngoja, na shangazi juu anasema, "Haya, nimeshapumzika."

Nitamwonyesha nini mimi, akawaza Chachu. Uso siwezi. Mkono siwezi.

Pua.

Pua haina macho. Pua haioni haya sana. Chachu akaiegemeza pua yake ukutani, upande ule harufu ilikotoka, akasukuma. Ukuta ukalainika, ukachongoka, ukawa kama ncha ya embe. Akasukuma tena kidogo. Akaona haya, akaacha. Akasukuma tena.

Na gizani, pua yake ikagusa pua nyingine, imechongoka vilevile, ikija taratibu vilevile, na juu yake bado chembe moja ya jivu.

"Samahani," ikasema pua ya kwanza.

"Mimi ndiye niliyesimama vibaya," ikasema pua ya pili.

Wakacheka. Na pale pua zilipogusana ukuta ukayeyuka kama sukari kwenye chai, nyumba mbili zikawa nyumba moja, hakuna mlango wa kufungua wala wa kufunga. Chachu akapumua, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chafya. Fuu! Hamira akapumua. Fuu! Wakala sukari, wakapumua, fuu, fuu, fuu!

Nje shangazi alikuwa ameinama alibebe bakuli. Akaona kitambaa kinainuka. Akakibonyeza. Kikainuka tena, kimejaa kama tumbo.

"Mama yangu! Unga unapumua!" Halafu akaelewa, maana alikuwa mtu mzima. Akapiga kigelegele kilichomwangusha Kima kutoka mgombani. "Kafungua! Mwanangu kafunguliwa!"

Ndiyo maana hadi leo wengine humwita Chachu na wengine Hamira, na hakuna anayekosea. Ndiyo maana unga wa maandazi hufunikwa. Na ndani ya nyumba yao, ndogo kuliko jicho, lipo lile gogo la viti vitatu, na hawakuongeza mengine ovyo. Nguruwe yeye yuko palepale. Mkimwona anachimbua chini ya magogo kwa pua, hngo, hngo, anatafuta habari zake. Na akikosa, husema hayatoshi.

Maadili ya ngano hii ni matatu, shikeni. Mgeni akibisha hodi, mmwagieni majivu, anayewapenda atarudi. Figa moja haliinjiki chungu, kwa hiyo ongezeni mafiga mpaka chungu kikose pa kukaa. Na aibu, wanangu, muiache kabisa: aibu haijawahi kumjengea mtu nyumba.

Ngano yaaga!
— Nenda salama, ngano!
Imeacha nini?
— Imeacha utamu!
Na chumvi je?
— Tia chembe!
Chembe tu, unga unaitaka. Na wewe, nilikwambia usifunue. Wana haya.